Barua Mbili Mezani: Kufundisha Chuo cha Umma au cha Kanisa?

Binti niliyemsimamia kwenye shahada ya uzamili alinipigia simu mwezi uliopita akiwa stendi ya Kisumu, makanga wakiita abiria nyuma yake. Amemaliza udaktari wake. Ametumia miaka 6 akichunguza kiduha, lile gugu la maua ya zambarau ambalo wakulima wa Siaya huliita kayongo, linaloshika mahindi mizizini na kuyanyonya kabla hata halijachomoza juu ya udongo. Sasa ana barua mbili za kazi. Moja ni ya chuo kikuu cha umma: masharti ya kudumu na pensheni, baada ya kipindi cha majaribio. Nyingine ni ya chuo cha kanisa: mkataba wa miaka 2, mshahara juu kidogo, nyumba karibu na lango.

"Daktari, nishike ipi?"

Nilikuwa kwenye foleni ya benki. Nikamjibu harakaharaka: shika ya umma. Usiku ndipo nilipotambua kwamba nimemjibu swali la pensheni, ilhali yeye alikuwa ameuliza swali la kazi. Anatafuta mahali atakapoweza kusema "hili silijui, nisaidieni" bila kuonekana mjinga, na ambapo baada ya miaka 5 bado ataamka akitamani kuingia darasani. Hayo hayakuandikwa kwenye barua yoyote kati ya zile mbili.

Nimekaa katika kazi hii miaka 17. Nimefundisha umma, nimefundisha kwa watu wa kanisa, na katikati yake nilikuwa mhadhiri wa vipindi, Nakuru Jumatatu, Kisumu Jumatano, nikisahihisha karatasi kwenye matatu hapo Kericho. Vyungu vyote nimeonja, na vyote vimewahi kuniunguza mdomo. Basi nimeona nimwandikie ulinganisho wenyewe, polepole, na yeyote mwenye barua mbili kama yeye asome.

Kazi ya kudumu haikupi mdomo

Wataalamu wa saikolojia ya kazi wana jina la kile anachokitafuta. Wanakiita usalama wa kisaikolojia: imani ya watu wa kundi moja kwamba mtu anaweza kuuliza, kukiri kosa au kupinga wazo bila kuaibishwa wala kulipiziwa kisasi. Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard ndiye aliyekitungia kipimo mwaka 1999, maswali 7 tu. Jirani yake ni ari ya kazi, yaani mtu kujitia kazini mzimamzima, mwili, akili na moyo. William Kahn alikuwa ameviunganisha viwili hivyo mapema zaidi, mwaka 1990. Aliwachunguza walezi wa kambi ya likizo huko visiwa vya Karibi na wafanyakazi wa ofisi ya wasanifu majengo huko Marekani, akaona kwamba mtu hujitoa pale ambapo kazi ina maana kwake, ambapo ni salama kujionyesha alivyo, na ambapo amebakiwa na nguvu za kutoa. Kambi za Karibi ziko mbali na Maseno, lakini hili la tatu, la kubakiwa na nguvu, tutalirudia, maana ndilo linalotuua sisi.

Tunapojichanganya ni hapa. Mkenya akisikia "usalama kazini" anafikiria barua ya kudumu. Nawafahamu maprofesa ambao hakuna wa kuwafukuza, na hawajafungua mdomo kwenye kikao cha idara tangu enzi nilipokuwa na nywele. Nimemfahamu pia mhadhiri wa mkataba wa mwaka mmoja aliyemwambia mkuu wa kitivo, mbele ya watu, kwamba ratiba ya mitihani haikuwa na kichwa wala miguu. Kesho yake wakaketi wawili kuirekebisha. Kwa hiyo ukiweka zile barua mbili sambamba, usianze kuuliza ipi itakuweka kazini muda mrefu. Anza kuuliza: siku nitakapokosea, na siku nitakapopinga, ni nani anaweza kuniumiza, kwa kutumia nini, na itamchukua muda gani?

Siku umekosea

Kabla ya kutunga kipimo chake, Edmondson alikuwa akichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia wodi zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: wodi nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Alichokuja kukiona ni kwamba huenda hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema.

Wodi yetu sisi ni alama za mitihani. Yeyote aliyepitia chuo kikuu nchini Kenya anajua habari ya alama zilizopotea. Mwanafunzi yuko mwaka wa 4, gauni la mahafali ameshaliulizia bei, na jina lake halimo kwenye orodha kwa sababu somo moja la mwaka wa 2 linaonyesha nafasi tupu. Mtihani aliufanya. Karatasi ipo mahali. Mara nyingi kilichotokea ni kitu kidogo mno: mhadhiri alijaza alama za darasa la watu 300 usiku wa manane akaruka mstari, au bahasha ilibaki kwenye nyumba ya kupanga alipohama. Kosa kama hilo likisemwa wiki hiyohiyo, dakika 10 zinatosha. Likifichwa, linamla mwanafunzi mihula miwili.

Mimi nimelifanya. Niliruka mstari, na alama za wanafunzi 11 zikaingia kwa majirani zao. Niligundua matokeo yakiwa yameshapita bodi ya kitivo. Nilikuwa chuo cha umma wakati huo, na kukiri kosa la alama kulimaanisha barua ya kujieleza, nakala kwa ofisi kadhaa, kisha kusimama mbele ya kamati kama mwizi wa kuku. Nikanyamaza siku 9. Nazikumbuka kwa sababu sikuwa nikilala. Mwishowe nikaenda kwa mwenyekiti wa idara, mama mmoja mwenye maneno machache. Akasoma, akauliza, "Karatasi zenyewe umezileta?" Nikasema nimezileta. Akafunga mlango, tukazipitia moja baada ya nyingine, na barua ya kuomba marekebisho akaiandika yeye, kwa jina la idara. Jina langu halikutajwa mpaka pale ilipokuwa lazima.

Muhula uliofuata, wahadhiri wengine wawili wa idara ile walijitokeza wenyewe na makosa yao. Idara jirani, jengo lilelile, kanuni zilezile, mwanafunzi wa kike alizungushwa hadi akaahirisha mahafali, kwa sababu mhadhiri wake aliogopa kusema kwamba karatasi zililowa mvua. Uzio ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa ukuta wa ofisi.

Sasa weka chuo cha kanisa pembeni. Madarasa ni madogo, kosa linaonekana mapema, na mkuu wa kitivo unakutana naye kwenye chai ya saa nne. Unaweza kulimaliza jambo kabla kikombe hakijapoa. Hilo ni kubwa. Lakini kuna mawili ya kujihadhari nayo. Mzazi anayelipa karo yote mwenyewe hupiga simu juu, na simu yake hushuka chini ikiwa imebeba jina lako. Pia, mahali ambapo kazi inaitwa wito, kosa la kazi hugeuka upesi kuwa dhambi. Nimewahi kuombewa ofisini kwa sababu nilichelewesha maswali ya mtihani. Nilisamehewa kwa moyo mweupe, sibishi, ila baada ya hapo sikumwambia mtu tena nikichelewa. Nilijifunza kuchelewa kimyakimya.

Kwa upande huu wa makosa, ningeupa mkono wa kanisa ushindi mdogo, kwa sababu ya udogo wake tu. Makosa ya watu 300 ni mengi kuliko ya watu 40.

Siku hukubaliani na mkubwa

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu ambalo mtu wa mbali halioni. Vyuo vikuu vya kanda hii ni ukoo. Chuo Kikuu cha Moi kilichoanza mwaka 1984 kilikizaa Maseno, ambacho kilijitegemea mwaka 2001. Maseno nacho kikakilea kile cha Bondo, ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga. Chuo cha Kakamega tunachokiita leo Masinde Muliro kilikuwa chini ya mbawa za Moi, kisha kikakilea Kibabii cha Bungoma mpaka kikapata hati yake mwaka 2015. Egerton ya Njoro, shule ya kilimo ya mwaka 1939 iliyopanda hadi kuwa chuo kikuu mwaka 1987, ilikizaa Laikipia. Mama alipozaa, alimpa mtoto majengo, na pia walimu.

Maana yake ni hii: mwenyekiti wako wa leo huenda alifundishwa na mkuu wa kitivo, ambaye alisimamiwa na mmoja wa walioko ofisi kuu. Kwetu mtu aliyekusimamia tasnifu ni mzazi. Ukimpinga kwenye kikao, wengine hawasikii hoja. Wanaona mtoto anamjibu babake mbele ya wageni. Nimeshuhudia mtu mwenye takwimu zote mkononi akikaa chini kwa sababu mzee alisema tu, "Kijana, mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu." Kikao kilicheka. Mtaala ukapita na kasoro yake.

(Nami nilimsimamia huyu binti. Nilipomwambia "shika ya umma", alisema "asante, Daktari" kwa sauti ya mtu asiyekubaliana. Ningelijua mapema kama nisingekuwa nimemlea hivyo.)

Vyuo binafsi vimejengwa kwa namna nyingine. Baraton, kule Nandi, ndicho chuo binafsi cha kwanza Kenya kupata hati, mwaka 1991. Kabarak ya Nakuru ikapata yake mwaka 2008. Vyuo vya namna hii havina foleni ndefu ya wazee waliolelewa pamoja. Huchukua watu kutoka huku na kule, na mgeni wa juzi anaweza kuongoza kamati. Hewa ni nyepesi. Ila vina mwenyewe. Kuna mambo ambayo yameamuliwa kabla hujafika, pengine na baraza la kanisa, na hayo hayajadiliwi. Unayakubali kwa kutia sahihi. Binafsi naona kuna heri katika hilo: mwiko uliotajwa mlangoni ni rahisi kuuishi kuliko mwiko unaougundua baada ya kuuvunja. Usome waraka wa imani na maadili kabla ya kuusoma mshahara.

Halafu kuna fimbo yenyewe. Katika chuo cha umma fimbo ni kupandishwa cheo. Hakuna anayekufukuza, faili lako linakosa tu kufika mezani. Nafasi zinatangazwa mwaka ambao wewe uko likizo ya masomo. Mahojiano yanaahirishwa. Unaweza kukaa mhadhiri miaka 12 huku aliyekuja nyuma yako amekuwa profesa mshiriki, na hakuna siku hata moja utakayoweza kuinyoshea kidole ukasema, siku ile ndiyo walinionea. Adhabu ya polepole ina uzuri wake, leo unasema na kesho unaamkia kazini, lakini baada ya miaka mingi inamkausha mtu. Wengi wa wale maprofesa wasiofungua mdomo walianza hivyo. Walisema mara moja, wakalipa miaka 8.

Katika chuo cha mkataba fimbo ni kuhuishwa. Miaka 2 inaisha, barua haiji, unauliza, unaambiwa "inashughulikiwa". Mahakama za Kenya zimeshikilia mara nyingi kwamba mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake umekwisha, na mwajiri halazimiki kuuhuisha isipokuwa yeye mwenyewe alimfanya mfanyakazi atarajie hivyo. Kwa hiyo katika miezi 6 ya mwisho ya mkataba, watu jasiri huwa wapole ghafla. Nimekuwa mmoja wao. Hoja niliyokuwa nayo Machi niliiweka mfukoni hadi Oktoba, na Oktoba ilikuwa imeshaoza.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inataja uhuru wa kitaaluma na wa utafiti wa kisayansi kwa jina, na cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, awe wa umma au wa binafsi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri akueleze sababu na akusikilize ukiwa na mwenzako kabla ya kukuachisha kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu. Mwaka 2021 Mahakama ya Ajira ilisema hata aliye kwenye majaribio hawezi kunyimwa haki hiyo ya kusikilizwa. Kinga nzuri zote hizi. Lakini hakuna kifungu kinachomzuia mtu kukununia, na kazi yetu huamuliwa zaidi na kununiwa kuliko na barua. Tofauti ya kweli ni chama cha wahadhiri: UASU ina mizizi vyuo vya umma, una mwakilishi wa kwenda naye kwenye kikao cha nidhamu. Chuo cha kanisa haki hiyo unayo kwenye karatasi, ila huenda ukawa wewe peke yako unayeidai.

Na lile linalosemwa pembeni. Chuo cha umma utaulizwa kabila, chuo cha kanisa utaulizwa dhehebu. Sheria ya utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Hata pale inapofuatwa, haifiki kwenye chumba cha chai. Kipimo changu ni kimoja: mjadala ukishika moto, je, kikao kinabaki Kiswahili na Kiingereza, au kinahamia lugha ya nyumbani kwa mtu? Kikihama, mgeni ameshatolewa nje bila kuambiwa atoke. Kwenye chuo cha kanisa jambo lenyewe huja kwa njia ya sala ya kufungua kikao. Wa dhehebu jingine hufumba macho na kusema amina, lakini anajua nani aliyepikwa chungu kimoja na nani.

Mwisho wa mwezi

Turudi kwa lile la tatu la Kahn, la kubakiwa na nguvu. Idara inaweza kuwa salama kama mapajani pa mama, lakini mtu asiyejua mshahara utaingia lini hana cha kutoa.

Upande wa umma unaujua, maana nchi nzima iliuona. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya pamoja ya 2017 hadi 2021. Hebu itazame tarehe hiyo: fedha za makubaliano yaliyokwisha miaka 4 nyuma. Tena ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimetaja mara kwa mara makato ya pensheni na sacco ambayo vyuo vya umma vilikata lakini havikuyapeleka. Kwa hiyo unapomwona mhadhiri wa umma anaingia darasani, anasoma maandishi yake ya 2011 na kutoka, usimwite mvivu upesi. Baadhi ni wavivu, sikatai, nimeshiriki nao ofisi. Wengine wamepunguza kazi mpaka ikalingana na malipo.

Mgomo una jambo jingine, na hili nimelisikia kwa wengi: miezi hiyo ndiyo ambayo watu huongea. Mnakaa chini ya mti, profesa na msaidizi wa maabara, mnaambiana ukweli kuhusu idara. Kisha mgomo unaisha, mnarudi ndani, na kila mtu anarudi kiti chake na kimya chake.

Vyuo vya kanisa huwa na sifa ya kulipa kwa tarehe. Thibitisha, usiamini. Vinategemea karo, na karo inategemea idadi ya wanafunzi. Kuanzia 2016 serikali ilikuwa ikipeleka sehemu ya wanafunzi wa ufadhili vyuo binafsi. Mfumo mpya wa 2023 ukaelekeza ufadhili huo vyuo vya umma. Kilichokuwa darasa la 60 kinaweza kuwa la 20, na darasa la 20 halilipi wahadhiri watatu. Muulize mtu wa ndani, mwalimu mwenzako na si ofisi ya rasilimali watu: mshahara wa Desemba iliyopita uliingia tarehe ngapi?

Utafiti nao ni sehemu ya nguvu. Kiduha hakichunguzwi kwa sala wala kwa barua ya kudumu. Kinataka mashamba ya majaribio, gari la kwenda Ugunja, na wanafunzi wa uzamili wa kupalilia data. Vyuo vikubwa vya umma vina wanafunzi hao. Vyuo vingi vya kanisa vinakupa madarasa mengi na pongezi nyingi, na ukiomba wiki 2 za kwenda shambani unaulizwa nani atakushikia vipindi.

Kuhusu kufundisha kwa vipindi

Aliniuliza pia kama akatae zote mbili afundishe vyuo vitatu kwa vipindi. Nilifanya hivyo miaka 3. Unalipwa kwa somo la saa 45, baada ya kuwasilisha alama, na "baada ya" hiyo yaweza kuwa mwaka. Darasani una uhuru ambao hutaupata tena, kwa kuwa hakuna anayekujua. Lakini huitwi kikaoni, kwa hiyo ukiona mtaala una shimo unaliruka kila mwaka kama shimo la barabara ya mtaani kwenu. Asifanye hivyo, labda kwa muhula mmoja wa kusubiri.

Vitu vya kwenda kuangalia kwa macho

Usijaribu kujua haya kwenye mahojiano. Pale kila mtu amevaa tai.

Nenda idarani siku ya kawaida. Tafuta kwanza karani wa idara, kabla ya mwenyekiti. Karani ndiye anayejua nani hupewa madarasa ya saa moja asubuhi na nani hafai kuguswa. Msalimie, muulize njia, kaa kidogo.

Uliza kuhusu alama zilizopotea: muhula uliopita zilikuwa kesi ngapi, na zilitatuliwaje? Anayekupa idadi na kisa, hata idadi ikiwa ya aibu, yuko kwenye wodi nzuri. Anayejibu "hapa hatuna tatizo hilo" anakuambia kwamba halisemwi. Hili ningelipa uzito kuliko mshahara.

Uliza idara ina makundi mangapi ya WhatsApp. Likiwa moja, vizuri. Yakiwa mawili, moja likiwa bila mwenyekiti, hilo ni jambo la kawaida na lisikutishe. Yakiwa manne, watu wameshagawana. Ukipata nafasi ya kuona lile rasmi, tazama mkubwa anapoandika jambo: kama yanafuata maswali, au dole gumba 14 mfululizo.

Na muombe mtu akuonyeshe kumbukumbu za kikao kimoja. Ruka hadi kipengele cha mwisho, cha "mengineyo". Pale ndipo watu huleta yanayowauma, ikiwa wanaruhusiwa. Kikiwa na sentensi moja, "hakukuwa na mengineyo", vikao 3 mfululizo, funga faili, shukuru kwa chai, uende.

Hadhari moja: wenyeviti wa idara katika vyuo vya umma hubadilika kila baada ya miaka michache. Yule mama aliyefunga mlango tukarekebisha alama alimaliza muhula wake, akaja mwingine, na kamati zikarudi. Kwa hiyo usimwangalie kiongozi peke yake. Angalia kama wale wa chini wanaulizana maswali hata asipokuwepo. Kwenye chuo cha kanisa, mkuu hukaa muda mrefu zaidi. Akiwa mwema, umebahatika miaka mingi. Akiwa mbaya, hesabu mwenyewe.

Ningechagua nini

Kwa mtu asiye na akiba, anayelea ndugu zake na kulipa mkopo wa masomo wa HELB kwa mshahara mmoja, ningesema achukue mkataba wa kanisa, afundishe vizuri, aandike makala, na aanze kutuma maombi mahali pengine mwezi wa 15, asingoje wa 23.

Huyu binti si huyo. Mumewe ni mwalimu wa sekondari, ameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, na mshahara huo huingia. Nyumba inaweza kustahimili siku 49. Utafiti wake unahitaji mashamba na wanafunzi. Na ana mdomo. Nilimsimamia, najua. Mtu mwenye mdomo afadhali apambane na fimbo ya polepole kuliko ile ya miaka 2, maana polepole inampa nafasi ya kuthibitisha kazi yake kabla hawajamchoka. Kwa hiyo nimerudi palepale, chuo cha umma, ila safari hii nina sababu, na nina sharti: idara ile iwe imekubali kuonyesha mengineyo yake. Isipokubali, achukue ya kanisa, na waraka wa maadili ausome usiku kucha.

Nilimtumia haya yote juzi. Akajibu kwa mistari miwili. Wa kwanza: "Daktari, hapo kwa mwenye mdomo sijui kama ni sifa." Wa pili: barua ya umma inataka jibu kufikia tarehe 30, na idara ile hukaa kikao Alhamisi saa nane. Atapanda matatu ya asubuhi, akae kwenye benchi la nje ya ofisi ya karani kana kwamba anasubiri fomu, aone wanavyotoka.